Nta ya Marehemu Babu

Hivi karibuni nilikuwa Kasulu kwa shughuli za kifamilia, nikakabidhiwa kazi ambayo chuo cha uandishi hakikunifundisha: kuondoa nta kuukuu kwenye bakuli la mti. Bakuli hilo alilichonga babu mzaa baba, upande wa Kibondo, kwa mti wa mninga. Lilikuwa limepakwa nta ya nyuki safu juu ya safu, likawa jeusi kwa moshi na vumbi. Mimi nilitaka kulichukua hivyo hivyo nikaliweke sebuleni. Shangazi akakataa katakata.

"Hili ni la kulia maharage, si la kutazamwa. Lisafishe, au liache hapa."

Nilipokimbilia mafuta ya taa, akaninyang'anya chupa. Kweli mafuta ya taa huitoa nta, lakini harufu yake huingia ndani ya mti, na chakula chote kikanuka kibatari. Kulilowesha katika maji ya moto nako la hasha, maana mti hunywa maji na ukikauka hupasuka. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65 tu. Basi tukalianika juani, tukalikanda kwa kitambaa kilichokamuliwa maji moto, na kila ilipolainika tukakwangua kwa kibanzi cha mti.

Kazi hiyo ni ya polepole, na mikono ikiwa kazini mdomo husimulia. Nta, alisema shangazi, ndiyo iliyomlipia babu kodi.

Hapo hapana budi nieleze. Kodi ya vibanda aliianzisha Mjerumani mwaka 1898, na Mwingereza akaiendeleza. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kutoka Kibondo ilikuwa bado safari ya siku kadhaa kwa miguu. Nani angebeba gunia la mahindi umbali huo? Nta haiozi, hubebeka kichwani, na Ulaya ilitakiwa kwa mishumaa na dawa za kung'arishia samani. Mwenye mizinga ya kutosha aliweza kubaki na mkewe. Asiye nayo alikwenda Tanga kukata mkonge, akaitwa manamba. Waha wengi mno walikwenda.

Ikaja miaka ya 1930, na malale. Serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wa Buha kutoka vijiji vya porini, ikawakusanya kwenye makazi yaliyofyekwa miti ili kuwaepusha na mbung'o. Ugonjwa ulikuwa unaua kweli, sikatai. Lakini mizinga ya magome hutundikwa porini, na pori ndilo walilotolewa. Shangazi alisimuliwa kwamba babu alihama na bakuli hili, mizinga akaiacha mitini. Baadaye akapanda gari moshi kwenda Tanga, mara 2.

Chini ya safu ya mwisho tukakuta ufa, mrefu kama kidole, umezibwa kwa nta ile ile. Nikanyanyua kibanzi.

"Hiyo iache," shangazi akasema.

Akapaka nta mpya kidogo, nyembamba, akafuta kwa kitambaa kikavu. Nikamuuliza kwa nini asipake mawese, yaliyojaa tele Kigoma. Akacheka: mawese huchacha. Donge jeusi tulilokwangua akalifunga katika jani la mgomba, akaliweka darini. Jioni tukala maharage.