Picha za vakansi za zamani: namna familia za Salamabila zinaweza kuzihifadhi

Katika nyumba nyingi za Salamabila, Kabambare na Kasongo kuna sanduku la bati ao mfuko mmoja chini ya kitanda wenye picha za karatasi. Nyingi ni za arusi, za Idi, za ubatizo. Lakini kuna nyingine ambazo watu hawazihesabu sana: picha za vakansi. Watoto wamesimama mbele ya treni kwenye gare ya Kibombo, baba na kofia kando ya Lualaba, dada watatu kwenye mchanga wa ziwa Tanganyika upande wa Baraka ao Kalemie.

Wakati ule safari hizo hazikuwa ajabu. Masomo yakifungwa mwezi wa saba, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi wa Namoya alitumwa kwa bibi yake Kasongo, na wengine walifika mpaka Kindu kushika treni ya kwenda Kongolo na Kabalo. Leo, kwa vijana wengi waliozaliwa Salamabila, njia hizo ni hadithi tu. Ndiyo maana picha ya vakansi inasema kitu ambacho picha ya arusi haisemi: kwamba familia hii ilitembea, ilipumzika, ilikuwa na watu wake katika miji mingine.

Kinachotisha ni kwamba sanduku halibebeki. Katika miaka hii ya mapigano kuzunguka Salamabila, familia nyingi zimekimbia zaidi ya mara moja, na mama anayekimbia na watoto wawili na sufuria hachukui albamu. Nyumba ikichomwa ao ikiporwa, picha hazirudi. Kwa hiyo kwa familia ya hapa, kuhifadhi picha hakuanzi na kununua albamu nzuri. Kunaanza na mambo mawili: majina kuandikwa, na nakala kukaa mahali pengine.

Majina kwanza

Picha isiyo na jina inakufa pamoja na mzee wa mwisho anayeijua. Hilo linatokea haraka kuliko mvua na mchwa. Mjukuu anauliza, "Huyu njo nani?" na hakuna wa kumjibu.

Kazi hii inafaa ifanywe wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, hewa ikiwa kavu na watoto wakiwa nyumbani. Mzee anakaa, picha zinapitishwa moja moja, na kijana mmoja anaandika. Nyuma ya picha iandikwe kwa penseli laini, bila kukandamiza, karibu na ukingo. Biki si nzuri: wino wake unapenya mpaka mbele, na picha zikilowa unachafua picha ya jirani. Kama karatasi ya nyuma ni ya plastiki na penseli haishiki, picha itiwe katika bahasha na maandishi yawe juu ya bahasha, kabla picha haijaingia.

Kiandikwe nini? Jina lote, si "tantine" tu, maana kila mtu ana tantine. Mtoto wa nani, mahali, mwaka kama unajulikana, na nani aliyetoa habari. Wazee wawili wakibishana, yaandikwe maneno ya wote wawili. Simu pia inasaidia: mzee anaposimulia, sauti yake irekodiwe, na mwanzoni aseme namba ya picha. Kwa familia nyingi rekodi hiyo itakuwa na thamani kushinda picha yenyewe.

Mwaka usipojulikana, picha inaweza kuutoa yenyewe. Mwanaume aliyevaa abakosti bila kravati kwa kawaida ni wa wakati wa Mobutu, kati ya mwanzo wa miaka ya 1970 na 1990, mwaka ambao kravati ziliruhusiwa tena. Andiko la "Zaïre" ni kati ya 1971 na 1997. Bahasha inayosema "Kasongo, Kivu" mara nyingi ni ya kabla ya 1988, mwaka ambao Kivu iligawanywa na Maniema ikawa jimbo la peke yake. Anayeandika "Stanleyville" badala ya Kisangani, huenda aliandika kabla ya 1966, ingawa wazee wengine waliendelea na majina ya zamani kwa mazoea. Kibao cha SOMINKI nyuma ya watu kinaonyesha kwamba ni baada ya 1976, kampuni hiyo ilipoundwa. Picha ndogo ya mraba ya rangi mara nyingi ni ya kamera za kaseti zilizoanza kuuzwa duniani 1963. Na tarehe ya rangi ya machungwa kwenye kona? Hiyo iliwekwa na kamera, na saa ya kamera mara nyingi haikuwekwa sawasawa. Isiaminiwe peke yake.

Kuna mtego mmoja. Picha si lazima iwe ya pale inapoonyesha. Mastudio ya mijini yalikuwa na vitambaa vilivyochorwa bahari, maua ao ndege. Wapigapicha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijulikana kwa hilo katika miaka ya 1990: mtu alisimama mbele ya ndege ao meli ya kuchora na kutuma picha kijijini kama mtu aliyesafiri mbali. Hata hiyo ihifadhiwe vizuri. Iandikwe tu "studio", wajukuu wasije wakabishana kama bibi aliwahi kupanda ndege.

Unyevu, moshi, mchwa na albamu zenye gundi

Kwa kawaida picha nyeusi na nyeupe zinavumilia miaka kuliko za rangi, kwa sababu sura yake imefanywa na madini ya fedha, hali rangi ni dawa zinazopauka. Ndiyo maana picha ya babu ya 1958 inaweza kuwa safi, na ya mtoto wake ya 1983 imekuwa nyekundu yote. Rangi iliyopotea hairudi kwenye karatasi. Hapo dawa ni kupiga nakala sasa, kabla haijaisha kabisa.

Sanduku lisikae chini kwenye udongo, ambako mchwa wanapanda na maji yanapita. Lisikae pia juu ya jiko kwa kutegemea moshi ufukuze wadudu, kwani moshi na joto vinaharibu picha. Mahali pazuri ni juu ya matofali ao kibao, mbali kidogo na ukuta, katika chumba kisicho na jua. Ndani, kila picha iwe katika bahasha ya karatasi nyeupe, zikisimama ao zikilala bila kubanwa. Mpira wa kufungia, agrafi na pini vitolewe: mpira unayeyuka na kushika, chuma kinapata kutu. Sashe ya plastiki iliyofungwa kabisa inaonekana kuwa ulinzi, lakini ikifungwa na unyevu ndani, kuvu linaota. Sanduku lifunguliwe mara kwa mara siku kavu na kuangaliwa.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu, zile zilizopendwa sana miaka ya 1980, ni adui anayeonekana kama rafiki. Gundi yake inakuwa ya njano na kung'ang'ania. Picha inayotoka kwa urahisi itolewe. Isiyotoka isivutwe, ipigwe nakala ikiwa palepale. Ni vilevile kwa picha ya ukutani iliyoshikana na kioo: kuibandua ni kuipasua, bora kuipiga kupitia kioo.

Na nyumba ikivuja ao mto ukiingia? Picha zilizolowana pamoja zisiachwe zikauke katika rundo, zitakuwa kama tofali. Zitengwe polepole zikiwa bado mbichi, zioshwe kidogo katika maji safi ya baridi kama zina matope, bila kusugua uso, kisha zilazwe kivulini uso ukiangalia juu, juu ya kitambaa safi. Si juani. Inafaa ifanyike ndani ya siku mbili, kabla kuvu halijaanza.

Nakala, na wapi zikae

Skana ni nzuri kwa anayeipata Kindu, Kalemie ao Bukavu. Kwa picha ndogo iwekwe 600 dpi. Lakini simu ya kawaida inatosha kuokoa mengi. Picha inalazwa mezani karibu na mlango, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua moja kwa moja, flashi imezimwa, simu ikiwa sambamba juu yake. Moja moja, si nne kwa pamoja. Kisha igeuzwe, na maandishi ya nyuma yapigwe pia. Hapa ndipo wengi wanasahau, na nakala inafika Uvira bila jina hata moja.

Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa. Itumwe kama dokima, ao kwa Bluetooth na Xender pale mtandao unaposumbua. Kadi ya simu peke yake si ghala: inakufa bila kuaga, na simu inaibiwa. Desturi ya watunza nyaraka ni nakala tatu, mojawapo ikiwa mbali. Kwa familia ya Salamabila hiyo ya mbali njo muhimu zaidi: flashi kwa shangazi Kindu, nyingine kwa kaka Kalemie ao Lubumbashi. Anayeweza pia aendeshe karatasi: picha chache muhimu zichapishwe tena kwenye labo ya picha. Zile zinazotolewa kwa printa ya wino sekretariati zinapauka upesi.

Tahadhari moja inahusu usalama. Babu aliyevaa yunifomu ya jeshi la zamani ni kumbukumbu tu ndani ya familia, lakini kwenye simu inayokaguliwa kizuizini inaweza kuleta maswali mabaya. Picha za namna hiyo zikae kwenye flashi ya mtu wa mbali, zitoke katika simu ya safari. Na kabla ya kuweka picha za akina mama waziwazi kwenye Facebook, hasa wale waliopigwa vichwa wazi wakiwa ufukweni na sasa wamekuwa akina bibi wanaoheshimiwa msikitini, waulizwe kwanza wao wenyewe ao watoto wao.

Mwisho ni negativi, vile vipande vya filamu vya kahawia ao vya kijivu ambavyo watoto wanavichezea. Visitupwe. Picha ya karatasi ikiwa imeliwa nusu na mchwa, negativi yake inaweza kutoa picha nzima tena. Vishikwe kwa ukingo, vitiwe katika bahasha yake, na visikae katika sanduku moja na picha.