Laptopu ya zamani, CD haisomi: njia nne za kupiga Windows au Linux kabla hujaliwa hela Kariakoo

Leo naweka kitu cha kuhifadhi, maana swali hili nakutana nalo kila mara: laptopu ni ya zamani, sehemu ya CD haisomi, Windows imekufa, nifanyeje? Ukiingia Kariakoo kichwa kichwa utauziwa kisomea CD kingine, au utaambiwa mashine hiyo ni ya kutupa. Jibu langu ni fupi: CD kufa siyo laptopu kufa. Njia zipo nne. Mimi ni wa form four tu, kwa hiyo naandika kwa lugha ya kawaida.

KABLA YA YOTE

Okoa mafaili kwanza. CV, risechi ya chuo, picha za marehemu bibi: fundi akishafuta hadi diski, kuzirudisha ni gharama kubwa na huenda zisirudi kabisa. Sema mapema, "Kaka, usifute kitu kabla hatujahamisha vitu vyangu," na usimame hapo hapo.

Halafu umeme. Laptopu nyingi za zamani betri zimekufa, zinaishi kwa chaja tu. Umeme ukikatika kazi ikiwa nusu, unaanza upya. Azima betri nzima au fanyia kazi penye jenereta.

NJIA YA 1: FLASHI

Hii ndiyo ya kujaribu kwanza. Kwenye kompyuta nyingine nzima, pakua programu ya bure iitwayo Rufus, uiandike Windows au Linux yako kwenye flashi. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo iwe tupu. Kwa mashine ya zamani chagua MBR na BIOS, siyo GPT.

Chomeka flashi, washa laptopu, hapo hapo gonga F12 kama ni Dell au ThinkPad. HP nyingi ni F9 au Esc. Ikija menyu, chagua USB.

Angalizo la mjini: flashi feki zipo. Imeandikwa GB 64, ndani kuna GB 8, na kazi itakwama katikati bila sababu ya kueleweka. Ukinunua mitaa ya Aggrey au Msimbazi, ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kuitegemea.

Kuna mashine zinakataa flashi lakini zinakubali kisomea CD cha nje cha USB. Azima kwa jirani kwanza, usinunue.

NJIA YA 2: TOA HADI DISKI

Laptopu ikikataa USB kabisa, zima, chomoa chaja, toa betri, kisha fungua kwa bisibisi na utoe hadi diski. Nunua kasha lake la USB, lakini nenda na hadi diski yenyewe mkononi: za zamani sana ni IDE yenye pini 44, za baadaye ni SATA, na makasha yake hayaingiliani.

Mafaili yako utayahamishia kwenye kompyuta nyingine hapa hapa. Ukimaliza, unaweza kuipiga Linux ikiwa kwenye kasha, halafu ukairudisha kwake na ikawaka. Kwanza toa hadi diski ya kompyuta unayoitumia, usije ukamfutia mwenzio. Pia iwashe kwa mtindo wa BIOS wa zamani, siyo UEFI, la sivyo laptopu haitaiona.

Windows ni mbishi kwa njia hii. Inazoea vifaa vya mashine ilikopigiwa, ukiihamisha inaweza kukuletea skrini ya bluu.

NJIA YA 3: WAYA WA MTANDAO

Laptopu nyingi za ofisi zina PXE, yaani zinaweza kuwaka kupitia waya wa mtandao. Washa "Network Boot" kwenye BIOS. Kwenye kompyuta ya pili weka programu ya Tftpd32 na faili la Debian liitwalo netboot.tar.gz, unganisha waya, subiri. Wi-Fi haifai hapa, na mafaili mengine yatashushwa kutoka intaneti. Usijaribu kwenye mtandao wa ofisi au internet cafe, maana mashine mbili zitagombania kugawa anwani na watu watakosa mtandao.

NJIA YA 4: HADI DISKI NAYO IMEKUFA

Tumia flashi kama hadi diski. Puppy Linux, iliyoanza mwaka 2003, inajipakia yote kwenye RAM na mashine inafanya kazi. Kuandika barua na kusoma inatosha.

UPIGE NINI?

Windows XP iliachwa Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, Windows 10 Oktoba 2025. Ukiambiwa "nakupigia XP, nyepesi hiyo", jua haizibwi matundu tena. Usiitumie kwa mambo ya benki. Kama prosesa ni ya biti 32, Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi cha mashine hizo. Debian 13 ya 2025 imeziacha. Ipo pia antiX, nyepesi sana.

Zamani CD ilikuwa na sababu yake. Kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar Julai 2009, kushusha MB 700 ilikuwa mateso, ndiyo maana kati ya 2005 na 2011 Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure kwa posta. Leo unahitaji bando na flashi tu.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, muulize maswali matatu: umejaribu USB? Mafaili yangu yako wapi? Bei ni ya kazi nzima au ya kufungua tu? Akishindwa kujibu, beba laptopu yako, maduka ni mengi.

Mwenye njia ya tano aiweke hapo chini tujifunze. Nawasilisha.