Trekta Kuukuu: Historia Yake na Maradhi Yake



Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzangu wameandika habari za kahawa, za mizani na za hesabu. Mimi nimetakiwa kuandika habari za trekta, na hasa trekta kuukuu, lile ambalo baadhi yetu wanataka liuzwe kwa bei ya chuma chakavu. Kabla hatujaamua jambo hilo yafaa tujue lilikotoka, na maradhi yake ni yapi hasa.

Mtu atokaye Songea kwenda Mbinga hupita Kitai, mahali inapochepuka njia ya kwenda Lituhi, pwani ya Ziwa Nyasa. Juu kule Umatengo ardhi ni ya mteremko mkali, na wazee walibuni ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta yenye nyasi zilizofukiwa, ili mvua isichukue udongo. Trekta halina kazi huko, na dereva alipelekaye anacheza na roho yake. Lakini huku chini, penye tambarare, trekta lina nafasi. Kwa hiyo maneno yangu yawahusu zaidi wakulima wa huku.

Historia ya matrekta katika nchi yetu ilianza kwa kishindo na kwa aibu. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga, hasa katika Tanganyika, zaidi ya ekari milioni tatu kwa jumla, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na huku kwetu Kusini, Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa maana Ulaya ilikuwa imetoka vitani. Basi yakakusanywa yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino na Misri. Hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kabla mwaka 1947 haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Udongo wa Kongwa ulikuwa kama msasa, ukala majembe. Vipuri vilikuwa ng'ambo. Na mafundi waliojua kutafuta ubovu walikuwa wachache mno. Mradi uliachwa Januari 1951, na pauni milioni 36 zikapotea. Watu hupenda kusema kwamba nchi ndiyo iliyoukataa mradi ule. Mvua haba na mipango ya haraka zilichangia, sikatai. Lakini mashine nyingi zililala kwa kukosa mtu wa kuziamsha.

Ushirika wetu wa Kusini ulikuwapo kabla ya hayo. Chama Kikuu cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo kiliundwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku, bila trekta hata moja, kikasimama. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vyote nchini, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena. Katika miaka hiyo ya 1980 kiwanda cha Kibaha kiliunganisha matrekta ya Valmet kutoka Ufini. Mali ya ushirika ilibadilisha mikono mara nyingi, na kila mara vitabu vya mashine ndivyo vilivyopotea kwanza.

Matrekta madogo tuyaonayo katika mashamba ya zamani ni watoto wa Harry Ferguson, aliyezaliwa Ireland. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry tangu 1946 hata 1956, zaidi ya nusu milioni. Baada yake likaja 35, ambalo tangu mwisho wa 1959 lilipata injini ya Perkins ya dizeli yenye pistoni tatu. Injini hii ni mvumilivu sana. Sijaona nyingi zilizokufa kwa uzee. Nimeona nyingi zilizouawa na spana.

Nitatoa mfano mmoja. Msimu fulani, mvua za kwanza zilipoanguka mwishoni mwa Novemba, trekta tulilokodi lilizimika shambani katikati ya mfuo. Fundi akaitwa. Akasikiliza kidogo, akasema pampu ya dizeli imekufa, na bei aliyotaja ilitosha kununua ng'ombe kadhaa. Tukakaa siku tisa tukichanga. Siku ya kumi akapita mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya misheni. Alipangusa chujio la dizeli kwa kitambaa, akaona unyevu penye washa ya shaba, akaibadili kwa nyingine, akatoa upepo, na trekta likawaka. Washa ile ni ndogo kuliko kifungo cha shati. Lakini siku tisa za Desemba hazirudi, na mahindi yaliyopandwa nyuma yake yalikuwa mafupi mwaka ule.

Mzee yule hakuwa mganga. Alifuata utaratibu tu, nao ni huu. Stata ikizunguka vizuri na injini haiwaki, tazama bomba la moshi. Pasipo moshi kabisa, dizeli haifiki. Ukiona moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui. Kama haifiki, anza kwenye tangi: bomba limefunguliwa? Kisha fuata njia ya dizeli, chujio, halafu pampu, mwisho nozeli. Kila hatua legeza skrubu ya kutolea upepo, sukuma mafuta kwa mkono, na usikaze mpaka mapovu yaishe. Wala usiweke kidole mbele ya nozeli inaporusha, kwa maana mafuta yale hupenya ngozi. Mara nyingi mkosaji ni pipa. Dizeli iliyotikiswa barabarani ina maji na kutu. Iache itulie usiku mzima, na usinyonye ya chini kabisa.

Kwa upande wa umeme watu huogopa zaidi, na sababu ni kwamba umeme hauonekani. Lakini taa za trekta zaweza kuwa macho yako. Washa taa, kisha bonyeza stata. Taa zikififia karibu kuzimika, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vina ukoga, au stata imekwama. Osha vichwa kwa maji ya moto yenye magadi, ukwangue hata vile vinavyogusa bodi, maana rangi na kutu huzuia umeme kama ukuta. Taa zikibaki kali na stata imenyamaza, umeme haufiki huko: tazama swichi, nyaya, na ile swichi ya usalama inayokataa gia isipokuwa huru. Nimewahi kuona stata nzima ikifunguliwa na kupelekwa mjini, kumbe gia ilikuwa imeingia.

Jambo moja lataka hadhari kubwa. Matrekta mengi ya Kiingereza ya miaka ile yalifungwa betri kwa namna iliyo kinyume na ya leo: upande wa chanya ndio unaoshikwa na bodi. Kijana aliyejifunza kwenye pikipiki atafunga hasi kwenye bodi bila kuuliza, naye aweza kuunguza kikata umeme cha dinamo kabla hajasema lolote. Na kama dinamo imekwisha kuondolewa na kuwekwa altaneta, basi hasi ndiyo iende kwenye bodi, la sivyo altaneta itaungua mara moja. Pakeni alama ya rangi kwenye bodi yenyewe, kwa herufi kubwa. Karatasi hupotea, tumekwisha kuona hapo juu jinsi vitabu vinavyopotea.

Injini ikichemka, kabla ya kulaumu pampu ya maji tazama rejeta mbele. Mbegu za majani na makapi hujaa kati ya matundu yake kama godoro. Hali kadhalika mkanda wa feni uliolegea huchemsha injini na kuinyima betri chaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji na joto zikija pamoja, shika mkanda kwanza.

Naiomba Halmashauri, kabla ya kujadili kuuza, iweke katika ghala ya Chama kabla ya Novemba vitu hivi: machujio mawili ya dizeli, washa za shaba za kila ukubwa, mkanda wa feni, kipimo cha umeme cha mkononi, na magadi. Na kila chama cha msingi kitaje kijana mmoja, mvulana au msichana, atakayeshika funguo ya sanduku hilo na kuandika katika daftari kila ubovu uliotokea, ulivyotafutwa na mahali ulipopatikana.