Kipimo cha Mzigo na Uhai wa Barabara

Wasikilizaji wetu wa Endagikot na wa Mbulu yote, leo tutasema habari za vipimo vya mizigo: vilianzaje, na kwa nini Serikali huvishika.

Zamani za misafara, mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, nao ulipimwa kabla ya safari. Haikuwa hisani tu. Mzigo ukizidi, mpagazi huanguka njiani na mali hupotea. Nasi hapa milimani twajua ya kuwa punda akizidishiwa hulala chini. Basi kipimo hakikuanza kwa lori: kila kichukuacho kina mwisho wa nguvu zake.

Lori lilipokuja, nguvu za kuchukua ziliongezeka. Lakini chini yake yuko mchukuzi mwingine asiyelia, ndiye barabara. Tangu 1958 hata 1960 wahandisi wa Marekani walipitisha malori ya uzito mbalimbali juu ya barabara za majaribio huko Illinois. Waliona ya kuwa madhara huzidi upesi kuliko uzito. Ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ikichukua tani 12 badala ya 10, huidhuru barabara kiasi cha mara mbili.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, ina vipimo viwili. Lori zima na mzigo wake lisipite tani 56. Na ekseli moja yenye magurudumu manne isipite tani 10. Hivyo lori lenye uzito halali laweza kukosa, kama mzigo umerundikwa upande wa nyuma. Na kitu kikubwa kisichogawanyika, kama transfoma ya umeme, hakisafiri bila kibali, ili njia na madaraja yaangaliwe kwanza.

Haya hayakupokewa bila ubishi. Oktoba 2013, Wizara ya Ujenzi ilipouondoa msamaha wa asilimia 5 ya uzito, wenye malori waligoma, na magari yakasimama kwa wingi kwenye mizani ya Kibaha. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaurudisha msamaha kwa muda. Wenye malori walitafuta faida yao, na kila mtu hutafuta yake.

Lakini tujiulize, nani hulipa barabara ikivunjika? Ni mkulima, ambaye vitunguu saumu vyake hukwama matopeni wakati wa masika, na mgonjwa asiyefika hospitali. Wazee husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tunapopakia magunia yetu, tusimsihi dereva aongeze mawili matatu. Barabara ni mwenzetu, na mzigo wake ni mzito.