Mashua ya Stanley Ilipofika Bumbire

Tarehe 28 Aprili 1875, mashua iliyochoshwa na dhoruba ilisogea ufukoni Bumbire, kisiwa cha Ihangiro ambacho leo kimo wilayani Muleba. Ndani yake alikuwamo Mzungu mmoja na mabaharia wachache waliotoka Unguja na pwani. Njaa ilikuwa imewauma, wakatafuta chakula cha kununua. Wenyeji waliteremka vilimani kwa wingi, wakaishika mashua na kuikokota mpaka nchi kavu, Mzungu akiwa bado amekaa humo.

Mzungu huyo alikuwa Henry Morton Stanley. Wengi wetu tulimsoma darasani kwa ajili ya Livingstone na Ujiji, lakini kwa mtu wa Kagera, safari yake inaanzia kwenye ufuko huu.

Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands. Hakulelewa na baba wala mama. Utoto wake ulipita katika nyumba ya kutunzia maskini. Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, akiwa mtumishi melini, na huko ndiko alikochukua jina la Stanley. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alipigania Kusini, akatekwa mwaka 1862 katika mapigano ya Shiloh. Baadaye akaingia jeshi la majini la Kaskazini, na humo akatoroka. Kalamu ndiyo iliyompa riziki: gazeti la New York Herald lilimtuma kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji mwezi Novemba 1871.

Safari iliyomleta Bumbire ilikuwa na swali moja kubwa. John Speke aliliona ziwa letu, Victoria, kutokea upande wa Mwanza mwaka 1858, akatangaza kwamba ndilo chimbuko la Nile. Richard Burton alimpinga. Je, lilikuwa ziwa moja au maziwa kadhaa? New York Herald na Daily Telegraph la London yaligharimia safari ya kupata jibu. Mwezi Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu wapatao 350. Wapagazi walibeba mabegani mashua yake, Lady Alice, ikiwa imefunguliwa vipandevipande, mpaka Kageyi, pwani ya kusini ya ziwa. Ikaungwa huko, na tarehe 8 Machi 1875 ikang'oa nanga. Mshika usukani alikuwa Wadi Safeni.

Walipita mashariki, wakafika kwa Kabaka Mutesa mwezi Aprili, kisha wakarudi wakiambaa pwani ya magharibi. Hivyo Bumbire iliwaona wakitokea upande wa Buganda, dola ambayo mitumbwi yake ya vita ilitia hofu visiwani. Asiyejua hilo ataona ukali wa watu wa Bumbire kuwa ni ukatili usio na sababu.

Safeni ndiye aliyesimama kuzungumza nao. Wenyeji walidai nguo na shanga, wakapewa. Hapakuwa na jambo geni hapo: kila msafara uliotoka pwani kwenda bara ulilipa hongo kwa wenye nchi, na Stanley alikuwa ameilipa njiani mara nyingi. Lakini baada ya kupokea, wenyeji walichukua makasia, na ngoma ikalia. Mabaharia waliisukuma mashua majini kwa nguvu zote, Safeni akajitosa akaogelea kuifuata, na Stanley akafyatua bunduki yake ya kuwindia tembo. Wakatoroka wakipiga maji kwa mbao walizong'oa ndani ya mashua. Kwa maandishi yake mwenyewe, wenyeji waliouawa walikuwa 14.

Kama kisa kingeishia hapo, tungesema mtu alijiokoa. Lakini Stanley alirudi. Kwanza alimtia mbaroni Shekka, mtawala wa Bumbire. Kisha, tarehe 4 Agosti 1875, alipanga mitumbwi yake mbele ya kisiwa, ikiwa na watu wake wenye bunduki pamoja na wasaidizi wa Kiganda. Wenyeji walijipanga ufukoni wakiwa na mikuki, pinde na makombeo. Mitumbwi ilikaa mbali, mahali ambapo risasi hufika na mkuki haufiki. Makumi ya watu walianguka. Stanley hakushuka hata nchi kavu.

Aliyaandika hayo bila kuficha, akayatuma gazetini. Yaliposomwa London mwaka 1876 yalizua ghadhabu. Kanali Henry Yule na H. M. Hyndman walitaka Chama cha Kifalme cha Jiografia kimlaani. Basi hata wakati ule, kati ya watu wa kwao, walikuwapo walioona kwamba haya ni mauaji. Tusiambiwe leo kwamba zama zile kila mtu alifikiri kama Stanley.

Stanley aliendelea mbele. Alithibitisha kwamba ziwa ni moja, akaufuata mto Kongo hadi Boma, karibu na Atlantiki, Agosti 1877. Safeni hakufika naye huko. Aliposikia kwamba bahari iko karibu, furaha ilimvuruga akili. Akaingia msituni na kasuku wake begani, asionekane tena. Stanley alirudi Kongo kumtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na kazi hiyo ilifungua mlango wa mateso makubwa. Uingereza ilimpa cheo cha heshima mwaka 1899. Alifariki mwaka 1904.

Leo wavuvi wa Bumbire hutega sangara na kuvua dagaa katika maji yaleyale. Ramani ya Stanley ilikuwa kazi kubwa, na ukweli wake hauna haja ya kupunguzwa. Lakini katika kazi hiyo alitaja kwa majina visiwa, rasi na ghuba, na watu wa Bumbire waliokufa akawataja kwa tarakimu. Shule za Muleba zina deni hapo: kuwapeleka watoto kwa wazee wa Ihangiro, wakauliza yaliyosimuliwa majumbani na kuyaandika, ili kisiwa nacho kiwe na maneno yake kuhusu siku ile.