Kipimo cha Meya: Somo kutoka Historia ya Butembo na Beni

Katika mikutano ya vyama vyenu swali moja hurudi mara kwa mara: meya wetu amefanya nini? Swali hilo ni la haki, na raia mbatizwa asiyeliuliza ameacha sehemu ya wajibu wake. Hata hivyo, mara nyingi linaulizwa nusu. Katika mfano wa talanta, bwana hakumdai mtumishi wa talanta mbili faida ya talanta tano. Alimhesabia kila mmoja kulingana na alichokabidhiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza meya amefanya nini, tuulize kwanza alikabidhiwa nini.

Katika nchi yetu kiti hicho si cha kale. Amri ya wakoloni ya tarehe 26 Machi 1957 ndiyo iliyofungua njia ya uchaguzi wa kwanza wa miji, uliofanyika Desemba mwaka ule katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville peke yake. Joseph Kasa-Vubu akawa mkuu wa komine ya Dendale, na kutoka kiti hicho kidogo alidai uhuru wa nchi nzima. Butembo, iliyokua kandokando ya kampuni ya madini ya MGL, haikuwemo, Beni vilevile.

Nusu karne baadaye, sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilisema kwamba meya atachaguliwa na baraza la mji, na baraza lenyewe litatokana na kura. Ikaongeza habari ya fedha: Katiba inaachia mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, na katika fungu hilo miji, komine, sekta na cheferi zina haki ya asilimia 40. Hayo yameandikwa vizuri. Lakini mabaraza ya Butembo na Beni hayakuchaguliwa, mameya wakaendelea kuteuliwa kutoka Kinshasa, na fedha hizo zimefika kwa shida. Aliyeteuliwa kwa saini ya mbali hujifunza kuitazama saini hiyo kuliko kuwatazama wauza mihogo wa soko kuu. Hilo ni kosa la mtu, ndiyo, lakini ni kosa la mpango kabla ya kuwa la mtu.

Butembo ina historia ya pekee katika jambo hili. Katika miaka ambayo Serikali ya Mobutu ilikuwa ikififia, mji huu ulijifunza kuishi karibu bila Serikali. Wafanyabiashara walichanga fedha kwa ajili ya barabara na kwa mradi wa umeme. Mhashamu Emmanuel Kataliko, Askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, aliwahimiza, na mwaka 1989 jimbo likapata Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Alipokuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, waasi wa RCD walimfukuza kule Februari 2000; alirudi akakaa Butembo hadi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka uleule akafariki Roma. Tunamkumbuka kama shahidi wa haki, na ni vema. Lakini mwanahistoria anapaswa kuona pia upande wa pili. Mji uliojengwa kwa michango ya wenye mali huzoea kumhesabu meya kuwa mtoza kodi tu, na wasio na mali hawana mahali pa kupeleka neno lao. Mfadhili hawezi kuulizwa hesabu; meya anaweza, au angalau anapaswa. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wazee wanaosema kwamba Butembo haikuhitaji meya.

Beni inatufundisha jambo lingine, na kwa uchungu mkubwa zaidi. Mauaji yalipoanza Oktoba 2014, meya alikuwa Nyonyi Masumbuko Bwanakawa. Sheria humpa meya jukumu la utulivu wa mji na uwezo wa kutumia polisi waliopo. Haimpi jeshi. Aliyepoteza ndugu zake Rwangoma mwezi Agosti 2016 hakuweza kutofautisha hayo, na nani angemdai atofautishe akiwa bado matangani? Jumatatu tarehe 25 Novemba 2019, baada ya mauaji mengine usiku, waandamanaji walichoma mairie ya Beni na kuingia katika kambi ya MONUSCO. Ghadhabu ilikuwa na sababu yake. Ila katika moto ule ofisi iliyoteketea ndiyo ile yenye uwezo mdogo kuliko zote juu ya vita: ofisi ya vyeti, ya kodi za soko, ya malalamiko ya viwanja. Vivyo hivyo Oktoba 2020, wafungwa zaidi ya 1,300 walipotoroka gereza la Kangbayi: meya Modeste Bakwanamaha alikuwa wa kutoa habari hiyo kwa umma, ingawa gereza si mali ya mairie.

Je, basi meya hana lawama? Hapana. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, watu 2,287 walikufa kati ya wagonjwa 3,470. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutuhudumia, akauawa katika hospitali ya Chuo cha Graben. Dawa na chanjo vilikuwepo. Kilichokosekana ni imani. Na hapo ndipo meya hupimwa kwelikweli, kwa maana kuwaambia watu ukweli, kwa lugha yao, mtaani kwao, hakuhitaji fungu lolote kutoka Kinshasa. Ni kweli pia kwamba Desemba 2018 kura za Beni na Butembo ziliahirishwa hadi Machi 2019, na rais akaapishwa bila kura zetu. Watu wa Beni walijipangia kura yao ya mfano tarehe 30 Desemba. Ni vigumu kumwamini anayekuja na sindano siku chache baada ya kunyimwa karatasi ya kura.

Mlei mmoja anastahili kutajwa hapa, Giorgio La Pira, aliyechaguliwa kuwa meya wa Firenze, Italia, mwaka 1951. Aliishi katika chumba kidogo cha konventi ya San Marco. Alitwaa nyumba tupu ili ziwape hifadhi waliofukuzwa kwa kukosa kodi ya pango, na alipigania kiwanda cha Pignone kisifungwe. Mwaka 2018 Papa Fransisko alimtangaza Mheshimiwa. Lakini msidhani alisifiwa na wote: mwaka 1954 Padre Luigi Sturzo, ambaye mwenyewe aliwahi kuuongoza mji wa Caltagirone, alimkosoa hadharani kwamba anaitegemea mno Serikali. Wakatoliki wawili wema, na hukumu mbili. La Pira aliweza kujibu kwa sababu alikuwa na baraza la kumhoji na wapiga kura wa kumrudisha au kumwondoa.

Sisi mwezi Aprili 2021 tulikuwa na wanafunzi wa Beni waliokaa siku kadhaa katika uwanja wa mairie wakidai amani. Walichagua mlango wa karibu, kwa kuwa mlango wa wenye jeshi uko mbali. Tarehe 6 Mei hali ya dharura ikaanza, na maofisa wa polisi wakawekwa kuwa mameya: Narcisse Muteba Kashale huko Beni, Mowa Baeki Telly Roger huko Butembo. Mameya hao walipewa nguvu ambayo waliotangulia hawakuwa nayo, kwa hiyo hesabu yao ilikuwa kubwa zaidi, hata kwa usalama. Lakini hesabu za takataka, za risiti sokoni na za viwanja vilivyouzwa mara mbili hazikufutwa na sare.

Desemba 2023 Kongo ilichagua madiwani wa komine kwa mara ya kwanza tangu sheria ya 2008, lakini katika Kinshasa na miji mikuu ya mikoa tu. Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba hazikupiga kura hiyo; wala Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Mtoto aliyebatizwa katika mwaka wa sheria ile alikuwa ametimiza miaka 15.