Nahodha wa Tokyo Ambaye Kericho Haimtaji

Mtaje Wilson Kiprugut Chumo mbele ya mzee yeyote wa Kericho na hutahitaji kumalizia sentensi. Tarehe 16 Oktoba 1964, mjini Tokyo, kijana huyu wa Kikipsigis alimaliza wa tatu katika mbio za mita 800, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Canada. Kenya, ambayo hata mwaka mmoja wa uhuru ilikuwa haijaumaliza, ikajipatia medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, Mexico, akaongeza fedha. Kiprugut alifariki Novemba 2022, na mwaka uliofuata sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zikafanyika hapa hapa nyumbani kwao, katika uwanja wa Kericho Green. Huku kwetu, ukisema shujaa wa michezo, unaanza na yeye.

Hayo ni haki yake. Ila Oktoba 2024 Tokyo ile ilitimiza miaka 60, na bado tunaikumbuka kama kwamba Kenya ilipeleka mwanariadha mmoja akakimbia mizunguko miwili akarudi. Katika msafara ule ule alikuwamo mtu mwingine, mzaliwa wa mwaka ule ule wa 1938, aliyekwenda akiwa nahodha wa timu nzima. Timu yake ilimaliza ya sita duniani. Jina lake ni Avtar Singh Sohal, wenzake wakimwita Tari, na mchezo wake ulikuwa magongo.

Kwa anayependa takwimu, Sohal ni karamu. Alizaliwa Nairobi tarehe 22 Machi 1938. Akaanza kuichezea Kenya mwaka 1957 na kutundika gongo mwaka 1972, baada ya mechi 167 za kimataifa, idadi iliyomwingiza katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Alishiriki Olimpiki nne mfululizo: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972. Katika tatu za mwisho ndiye aliyekuwa nahodha. Kwa nafasi alikuwa beki wa nyuma kabisa, mtu wa mwisho kabla ya kipa, enzi ambazo mpira mgumu kama jiwe ulipigwa kuelekea golini wakati wa kona fupi na beki akauendea bila barakoa usoni.

Kwa nini basi mtu huyu hana masimulizi katika nchi ya chai? Si kwamba jamii yake haijulikani hapa. Masingasinga walifika Kericho zamani, wakiwa maseremala, mafundi wa magari na wajenzi, na gurdwara kubwa ya mjini, iliyojengwa kwa kumbukumbu ya Baba Puran Singh aliyeishi na kufanya kazi hapa kabla ya kuhamia Uingereza, inaonekana na kila anayepita barabara kuu. Tatizo ni mahali mchezo wenyewe ulipolelewa. Ukoloni uligawa shule, mitaa na viwanja kwa rangi, na magongo yakakulia ndani ya kuta hizo: Sikh Union na Railway Gymkhana jijini Nairobi, klabu za Wagoa, shule ya Dr Ribeiro. Kijana wa kambi ya wachuma chai hakuwa na mlango wa kuingilia humo. Na hata angekuwa nao, kila mchezaji wa magongo anahitaji gongo lake na uwanja uliokatwa nyasi ukasawazishwa, katika nchi ya miteremko ambako kila kipande tambarare kilikuwa tayari kina goli mbili za kandanda. Kiprugut alihitaji barabara ya murram tu.

Mechi ya kwanza ambayo Wakenya wote wangestahili kuifahamu ilichezwa Roma, 1960. Kenya bado ni koloni. Robo fainali inawakutanisha na Uingereza, mtawala wao. Dakika 70 za kawaida zinaisha, hakuna mshindi. Muda wa ziada unaongezwa, unaongezwa tena, na tena. Uingereza inapata bao la ushindi katika dakika ya 127, mabao 2-1. Kenya ikamaliza ya saba. Fikiria kama ingekuwa riadha: kila mtoto wa darasa la nne angeijua habari hiyo.

Tokyo na Mexico nitazipita haraka. Mwaka 1964, kabla ya Olimpiki, Kenya ilizuru India na kuwafunga wenyeji wao kwenye ardhi yao wenyewe, mjini Jabalpur; kisha ikaja nafasi ya sita Tokyo, na ya nane Mexico mwaka 1968, Olimpiki ambamo wakimbiaji wetu walitwaa medali zilizofunika kila kitu kingine.

Barcelona ndiyo habari yenyewe.

Kombe la Dunia la kwanza la magongo halikupangwa kuchezwa Hispania. Wazo lilikuwa la Pakistan, na ni Pakistan iliyopewa uenyeji. Lakini 1971 haikuwa mwaka wa kuwaalika majirani. Mashariki ya nchi hiyo, sehemu ambayo leo ni Bangladesh, vita vilikuwa vimewaka tangu Machi, uhusiano na India ulikuwa umechacha, na mjini Lahore wakatokea watu waliosema wazi kwamba Mhindi hatakanyaga uwanja wao. Shirikisho la kimataifa likaona heri kuhamisha mashindano. Oktoba hiyo timu kumi zikakutana Barcelona, mbali na mpaka uliokuwa ukinuka baruti. Wiki chache baadaye, Desemba, India na Pakistan zilipigana vita kamili.

Katika ugomvi huo wa wakubwa Kenya iliingia kimya kimya. Kundi lake lilikuwa na India, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Argentina. Sohal na wenzake wakamaliza wa pili nyuma ya India, na Wajerumani wakaachwa nje ya nusu fainali. Wajerumani hao hao, miezi kumi na moja tu baadaye, walitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Munich. Mtu akikwambia Kenya ilikuwa timu ya kusindikiza wengine, mkumbushe hilo.

Nusu fainali, Kenya dhidi ya wenyeji Hispania: 1-0, kwa Hispania. Mechi ya kuwania nafasi ya tatu dhidi ya India: sare hadi muda wa ziada, kisha 2-1, kwa India. Mabao mawili, basi, ndiyo yaliyotenganisha Kenya na fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa upande mmoja na shaba kwa upande mwingine. Nafasi ya nne duniani. Nyuma yake walikuwa Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Ufaransa, Australia, Japani na Argentina. Ni mchezo upi wa timu ambao Kenya imewahi kusimama juu ya Uholanzi na Australia kwa pamoja? Ninayeandika haya ni mpenzi wa riadha, kama mtu yeyote aliyelelewa kati ya Kericho na Bomet, lakini nimeshindwa kuelewa kwa nini habari hii haimo katika vitabu vya shule.

Sehemu ya jibu ni siasa. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana Waasia wasio raia; mwaka uliofuata Uingereza nayo ikawafungia mlango wenye pasipoti zake. Familia zikafunga virago, wengine Uingereza, wengine Canada, na klabu zikabaki na viti vitupu. Watu walioondoka waliondoka na kumbukumbu zao. Ndiyo maana hadi leo ni rahisi zaidi kumpata mtu wa kukusimulia Barcelona huko London au Toronto kuliko mjini Nairobi.

Munich 1972 ilikuwa mwisho wa Sohal uwanjani, na haikuwa nzuri: nafasi ya 13. Kisha yakaja masusio mawili. Mwaka 1976 Kenya haikucheza Montreal, ikipinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Mwaka 1980 haikwenda Moscow. Kizazi kizima cha wachezaji kikazeeka bila Olimpiki. Na Montreal ndipo magongo ya Olimpiki yalipochezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi bandia, mpira ukaongeza kasi, ufundi wa viwanja vya nyasi halisi ukapoteza thamani, na mchezo ukawa wa nchi zenye fedha.

Hapo ndipo Sohal alipokuwa kocha wa taifa, katika wakati mgumu kuliko aliocheza yeye. Miaka ya themanini Kenya ilirudi Olimpiki, ikamaliza ya tisa Los Angeles 1984. Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi mwaka 1987, uwanja wa City Park, mtaa wa Parklands, ulitandikwa nyasi bandia na vijana wa nyumbani wakatwaa dhahabu, wakajikatia tiketi ya Seoul 1988. Timu ya Seoul haikuwa tena ya klabu mbili tatu za Waasia: akina Panesar na Sehmi walicheza bega kwa bega na akina Lucas Alubaha na Michael Omondi. Mlango ambao haukuwapo enzi za Kiprugut ulikuwa umefunguliwa. Matokeo yenyewe yalikuwa mabaya, nafasi ya 12 kati ya timu 12, na wanaume wa Kenya hawajaonekana tena katika magongo ya Olimpiki.

Ya baada ya hapo ni mafupi. Nyasi za City Park zilichakaa pale pale zilipotandikwa, huku wachezaji wakiendelea kuzitumia miaka na miaka. Wanawake ndio walioliinua jina: timu ya kampuni ya Telkom ilitawala klabu za Afrika mara nyingi hadi kampuni ilipoondoa udhamini na wachezaji wakaendelea kwa jina la Blazers. Rekodi ya mechi 167 nayo imepitwa mbali. Teun de Nooijer wa Uholanzi alifikisha 453. Lakini huyo alicheza enzi ya ratiba zilizojaa mashindano mwaka mzima, akilipiwa tiketi na shirikisho tajiri. Sohal alifikisha zake kwa miaka kumi na mitano, kutoka nchi iliyosubiri ziara ya India au Pakistan ili ipate mpinzani wa maana, na kaunti iliyoandaa Siku ya Mashujaa ingeweza angalau kumwandika ukutani chini ya Kiprugut, kwa sababu Tokyo walikwenda wote.